Kwa Nini Kilicho Hai Hakiozi?



Jioni moja, katika fundisho letu hapa Bunia, mzee mmoja wa kundi alisimama akaomba ruhusa ya kusema. Yeye ni mtu wa upande wa Djugu. Alikimbilia mjini pamoja na watu wa nyumba yake mwanzoni mwa mwaka 2018, wakati wa mauaji. Baada ya misimu kadhaa ya mvua alirudi kutazama boma lake. Nyumba yake haikuchomwa moto, wala hakuna mtu aliyeibomoa. Hata hivyo aliikuta imeanguka. Mchwa walikuwa wamekula nguzo, mvua ilikuwa imeyeyusha udongo wa kuta, na nyasi zilikuwa zimeota mahali pa kitanda chake.

Mzee akaniambia: «Mwalimu, nyumba yangu haikuuawa na adui. Ilikufa kwa kuachwa tu. Ndipo nikatazama mikono yangu, nikawaza: ikiwa udongo wa ukuta haukuweza kusimama peke yake misimu michache, mimi niliye udongo vilevile nimesimamaje miaka 70? Tena, ikiwa kila kitu chaelekea kuanguka, tujenge tena kwa faida gani?»

Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja alijibu kwa furaha. Alikuwa amemsikia mhubiri wa njiani akisema hivi: wataalamu wana sheria isemayo kwamba vitu vyote huharibika, lakini viumbe hai huivunja sheria hiyo kila siku, basi wataalamu ni waongo, na Mungu yupo. Mwenziwe asomaye shule ya sekondari akamcheka: «Sheria ile haivunjwi hata kidogo. Mwalimu wetu wa fizika ametueleza. Sasa Mungu wako yuko wapi?» Yule kijana akainama, akanyamaza. Juma lililofuata hakuonekana katika mafundisho.

Wapendwa, swali la mzee ni swali la kweli, nalo lastahili jibu la kweli. Jibu la kijana lilitaka kumtukuza Mungu, lakini lilijengwa juu ya mchanga, na mchanga ulipoondolewa, kijana mwenyewe alianguka pamoja nalo. Kwa hiyo tulifuate jambo hili polepole, hatua kwa hatua.

SHERIA YENYEWE YASEMAJE?

Mwaka 1824 Mfaransa mmoja kijana, jina lake Sadi Carnot, alitoa kitabu kidogo juu ya mashine za mvuke. Aliuliza: joto laweza kufanya kazi kiasi gani? Akaona kwamba joto hufanya kazi pale tu linapotoka kwenye kitu cha moto na kwenda kwenye kitu cha baridi, kama vile maji yazungushavyo gurudumu la kinu pale tu yanaposhuka. Baadaye, mwaka 1850, Mjerumani Rudolf Clausius aliiweka wazi sheria hiyo. Na mwaka 1865 akakipa jina kile kipimo cha mtawanyiko, akakiita entropia.

Sheria hiyo, ambayo wataalamu huihesabu kuwa ya pili katika elimu ya joto, ninyi nyote mnaijua ingawa hamkuisoma. Chai ya moto ikiachwa mezani hupoa. Hakuna aliyeona chai baridi ikijipasha moto yenyewe. Moshi wa jikoni huenea nyumba nzima. Haurudi kuingia katika kuni. Chumvi ikiyeyuka katika mchuzi haikusanyiki tena pembeni mwa sufuria. Kwa maneno machache: kitu kilichofungwa, kisichopokea chochote wala kutoa chochote, mtawanyiko wake haupungui kamwe. Huongezeka, au hubaki ulivyo.

Kwa nini iwe hivyo? Ludwig Boltzmann, mtaalamu wa Vienna aliyefariki mwaka 1906, alieleza kwamba njia za kutawanyika ni nyingi mno kuliko njia za kuwa na mpango. Nilionyesha jambo hili darasani kwa mbegu 10 za maharagi na mbegu 10 za mahindi. Ukizipanga katika mstari mmoja, ziko namna 184,756 za kufuatana kwa maharagi na mahindi. Na katika namna zote hizo, ni moja tu iliyo na maharagi yote upande wa kushoto na mahindi yote upande wa kulia. Watoto walizitia katika kibuyu, wakatikisa, wakamimina, wakapanga zilivyotoka. Walirudia mpaka kengele ikalia. Mpango ule wa kwanza haukurudi. Hakuna adui aliyeuzuia. Ulipotea tu katika wingi wa namna nyingine. Na hizo ni mbegu 20 tu. Fikirini ukuta wa nyumba una chembe ngapi!

KICHUGUU CHENYE WATU NA KICHUGUU KITUPU

Haya, sasa tutoke nje. Kando ya njia kuna vichuguu viwili. Kimoja kina mchwa ndani, kingine kimekufa. Mvua inyeshayo juu yao ni ile ile, na jua liwakalo juu yao ni lile lile. Kile kitupu kimechongoka na kumomonyoka, mbuzi hupanda juu yake, na miaka michache tena kitakuwa sawa na ardhi. Kile kingine kimesimama. Ukikitoboa kwa jembe jioni, watenda kazi hutoka na udongo na mate yao, na asubuhi utaona tundu limezibwa. Ndani kuna vyumba, njia za hewa, na kwa aina nyingine hata mashamba ya uyoga. Na malkia yumo akitaga mayai maelfu kwa siku.

Je, kichuguu hicho kimeivunja sheria? Hapana. Tuulize mchwa wanakula nini. Wanakula majani makavu na miti. Kumbukeni nguzo za nyumba ya mzee wetu! Mti ule, uliokuwa na nguvu iliyokusanywa vizuri ndani yake, uliliwa, ukavunjwavunjwa, ukawa joto lililotawanyika na pumzi iliyotoka nje. Kichuguu kilisimama kwa sababu nguzo ilianguka. Ukitazama kichuguu peke yake, waona mpango umeongezeka. Ukijumlisha kichuguu pamoja na miti iliyoliwa na joto lililotoka, mtawanyiko umekuwa mkubwa kuliko zamani. Deni limelipwa lote, hata senti moja haikusamehewa.

Hili ndilo jibu ambalo yule mhubiri wa njiani hakulijua. Sheria yahukumu kitu kilichofungwa. Kiumbe hai hakikufungwa. Kina mlango wa kupokea na mlango wa kutoa, nacho huishi kwa milango hiyo miwili. Kifunge milango yake, nacho kitafuata njia ya nyumba iliyoachwa.

MWILI WETU NI KAMA ZIWA

Mwaka 1943, wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, mtaalamu wa Austria aitwaye Erwin Schrödinger alitoa mafundisho kwa watu wa mji wa Dublin, katika nchi ya Irelandi, juu ya swali hili: uhai ni nini? Mwaka 1944 yalitoka kuwa kitabu. Alieleza kwamba mnyama hahitaji chakula kwa ajili ya nguvu tu. Katika chakula hupata mpango, na mtawanyiko wake huutoa nje. Naye Ilya Prigogine, aliyefundisha Brussels katika Ubelgiji, alichunguza jinsi mpango uwezavyo kuzaliwa na kudumu ndani ya vitu vipitiwavyo na nguvu bila kukoma. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Tujitazame sisi wenyewe. Mtu mzima apatapo chakula cha kutosha kwa siku moja, yaani kama kalori 2,000 kwa hesabu ya waganga, karibu nguvu hiyo yote hatimaye hutoka mwilini mwake kama joto. Ni sawa na taa moja ya umeme ya wati 100 iwakayo mchana na usiku. Ndiyo maana chumba cha mkutano hupata joto kikijaa watu. Na ndani yetu ukarabati haukomi. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa na mpya huwekwa. Ngozi laini ya ndani ya matumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Mzee wetu aliuliza amesimamaje miaka 70 ilhali yu udongo. Baba, hukusimama kwa udongo ule ule! Kila siku umekandikwa upya: kwa muhogo, kwa maharagi, kwa samaki, kwa maji, kwa hewa.

Wengi wenu mmeliona Ziwa Albert, au mmekula samaki wake waletwao kutoka Kasenyi na Tchomia. Mto Semliki huingia humo upande wa kusini. Maji ya Nile yatokayo Ziwa Viktoria huingia upande wa kaskazini. Kisha maji hutoka tena, yakaenda zake hata Misri. Maji aliyoyaona babu yenu yamekwisha kwenda, lakini ziwa liko. Ndivyo ulivyo mwili wa kiumbe hai: umbo hudumu, vitu hupita. Lakini katika nchi ya Yezu iko Bahari ya Chumvi. Hiyo hupokea maji ya mto Yordani, wala haina mto wa kutokea. Maji hupanda angani kama mvuke, chumvi yabaki. Leo chumvi yake ni kama mara 10 kupita ya bahari kuu, na samaki hawaishi humo.

Mtauliza: na muhogo wenyewe ulipata wapi mpango wake? Ulipata katika nuru ya jua. Jani la kijani hupokea nuru, na kwa nuru hiyo huunganisha maji na hewa kuwa sukari. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi, nalo anga la mbali ni baridi kali; dunia yetu iko katikati, ikipokea upande mmoja na kutoa upande mwingine. Na jambo la ajabu ni hili: dunia hurudisha angani karibu nguvu yote iliyopokea. Tofauti iko katika namna tu. Kwa kila chembe moja ya nuru itokayo juani, dunia hurudisha kama chembe 20 za joto hafifu. Ni kama mtu apewaye noti moja ya faranga 10,000, kisha akagawa noti 20 za faranga 500 kwa watu 20. Fedha haikupungua, lakini imetawanyika, na hakuna hata mmoja kati ya wale 20 awezaye kununua kwayo kitu cha maana. Msitu wote wa Ituri, na okapi wake, na ndege wake, na nyuki wake, huishi kwa mabadilishano hayo ya noti kubwa kwa noti ndogo.

NENO KWA KIJANA WETU

Sasa nasema na yule kijana, na wote walio kama yeye. Usimweke Mungu mahali ambapo wataalamu hawajaeleza jambo. Siku watakapolieleza, utadhani Mungu amefukuzwa. Mungu hahitaji kuvunja sheria zake mwenyewe ili tumwone. Yeye ndiye aliyeweka jua mahali pake, na jani, na baridi ya anga. Mwenye nyumba hatambulikani kwa kuvunja mlango wake. Hutambulikana kwa kuwa na ufunguo.

Uko mfano mzuri. Padri Georges Lemaître, Mbelgiji, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akaleta wazo la kwamba ulimwengu wote ulitoka katika mwanzo mdogo kabisa. Wengine walitamani kulitumia wazo hilo kama ushahidi wa habari za uumbaji. Padri huyo, ingawa alisadiki kwa moyo wote, hakukubali. Alishika kwamba wazo lake ni la elimu ya ulimwengu, nalo lipimwe kwa vipimo vya elimu hiyo. Imani yake haikuegemea hapo, kwa hiyo haikuogopa kitu.

Basi hata haya nitakayosema sasa juu ya roho, yapokeeni kama mfano, wala msiyahesabu kuwa hoja ya kumshinda mtu sokoni. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu na chachu. Nasi tujifunze kwa kichuguu.

ROHO ILIYOFUNGWA NA ROHO ILIYO WAZI

Wako wakatekumeni wanaofikiri hivi: «Nikikwisha kubatizwa, kazi imekwisha, nitaiweka neema kama nguo ya sikukuu ndani ya sanduku.» Ndugu yangu, hata nguo ndani ya sanduku huliwa na nondo. Waisraeli jangwani walipewa mana ya siku moja tu; waliotaka kuilimbikiza hata kesho waliikuta ina wadudu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Na Bwana Yezu alipotufundisha kusali, hakutufundisha kuomba ghala la mwaka mzima. Alitufundisha kuomba mkate wa siku hii. Tena alijifananisha na mzabibu, na sisi na matawi: tawi likikatwa halihitaji adui wa kuliua. Hukauka lenyewe.

Sala ya asubuhi na ya jioni, Misa ya Dominika, maungamo, Komunyo Takatifu: hayo si mapambo ya ukuta. Ndiyo milango ya nyumba. Asiyepokea huanza kumomonyoka, tena bila kelele, kama nyumba ya mzee wetu. Na apokeaye bila kutoa hugeuka Bahari ya Chumvi: anajua katekisimu yote, ana uchungu moyoni, na jirani mwenye njaa hapati kitu kwake.

Nasema pia juu ya amani yetu hapa Ituri. Tulipoona vita vimepungua baada ya mwaka 2003, wengi tulidhani amani imejengwa, na tukaiacha kama nyumba iliyokwisha kuezekwa. Mwezi wa Desemba 2017 damu ilimwagika tena Djugu. Amani ya watu ni kama kichuguu chenye mchwa: kila jioni hupata tundu, na kila usiku hutaka mtu wa kuliziba. Neno baya likisemwa juu ya kabila la jirani, tundu hilo. Mtoto akizuiwa kucheza na mwenziwe kwa sababu ya ukoo wake, tundu hilo. Anayengoja mpaka ukuta uanguke ndipo atafute udongo, amechelewa.

JE, TUJENGE TENA?

Sitaki kumdanganya mzee wetu. Ukarabati wa mwili hausongi mbele milele. Chembe huchoka, milango hulegea, na siku moja kila mmoja wetu atarudi katika udongo. Elimu ya joto haina neno la kutufariji hapo, wala sitalitafuta kwake. Tumaini la ufufuko twalipata kwa Kristu aliyetoka kaburini, na kwa ahadi yake tu.

Lakini kwa swali lake, «Tujenge tena kwa faida gani?», viumbe vyote vyajibu pamoja. Kujenga tena ndiyo desturi ya walio hai. Kwao si alama ya kushindwa. Mchwa hujenga tena kila usiku, damu yako hujenga tena hata ukiwa usingizini. Kinachoacha kujenga tena ndicho kilichokufa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Mwalimu, basi nitaanza na nguzo.» Yule kijana nilimfuata nyumbani kwao, nikamweleza haya yote mbele ya mama yake. Hakunijibu neno. Lakini Jumamosi iliyofuata nilimwona ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Mlango ulikuwa wazi.

MASWALI YA KUREJEA NYUMBANI

1. Je, viumbe hai huivunja sheria ya kuharibika kwa vitu?
Hapana. Huishi kwa kupokea chakula na nuru na kwa kutoa joto na takataka. Ukijumlisha yote, sheria imetimia.

2. Nguvu ya viumbe vya msituni na mashambani hutoka wapi?
Hutoka katika jua, kwa njia ya majani ya kijani.

3. Kwa nini tusiijenge imani juu ya jambo ambalo wataalamu hawajalieleza?
Kwa sababu likielezwa kesho, imani iliyoegemea hapo itaanguka, ilhali Mungu hakuondoka mahali.

4. Roho hudumuje katika uzima?
Kwa kupokea neema kila siku na kwa kuwatolea wengine mapendo.

Kusudi la juma hili: Kila mmoja atafute tundu moja, ama nyumbani mwake, ama moyoni mwake, ama kati yake na jirani, alizibe kabla ya Dominika.